Wolnati na sukari: mama anataka kuacha vidonge, naombeni ushauri

Binti_Tukuyu:
Habari za humu wakuu, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 61, yupo Tukuyu, ana sukari ile ya ukubwani mwaka wa 6 sasa, anameza metfomini asubuhi na jioni na glibenklamidi asubuhi. Juzi kashuka Mbeya mjini karudi na pakti mbili, moja ya wolnati zilizobanguliwa, zile zenye mikunjo kama ubongo, nyingine unga wa kijani, kaambiwa ni majani ya huo mti wa wolnati achemshe anywe kutwa mara 2, afu baada ya wiki 2 aache vidonge maana eti vidonge vinaua figo. Mimi nipo Iringa kikazi, nimempigia simu nikamsihi asubiri kwanza. Je, hizi wolnati kweli zinashusha sukari au ni maneno ya wauzaji? Nina hofu sana jamani.

Famasi_Uyole:
Dada pole, na umefanya vizuri kumzuia. Tenganisha vitu viwili hapo, kokwa na majani, maana sio kitu kimoja.

Kokwa ni chakula kizuri. Kiganja kimoja, kama gramu 28 hivi, kina wanga gramu 4 tu, mafuta gramu 18 ambayo mengi ni mazuri ikiwemo ile omega 3 ya mimea. Na ile ngozi nyembamba ya kahawia inayoacha ukakasi mdomoni (usiimenye) ndo yenye tanini nyingi, zikifika tumboni zinatoa asidi ya elagiki, halafu bakteria wa utumbo wanaigeuza kuwa kitu kinaitwa urolitini. Maabara wameona polifenoli (kundi la kemikali za mimea, tanini zikiwemo) zinazuia vimeng'enya vinavyovunja wanga, yaani sukari ingeingia kwenye damu polepole. Ila hiyo ni maabara. Kwa watu, utafiti mkubwa wa manesi wa Marekani uliotoka 2013 ulifuatilia wanawake zaidi ya laki moja kwa miaka 10, waliokula wolnati mara 2 au zaidi kwa wiki hatari yao ya kuugua sukari ilikuwa pungufu kwa kama asilimia 24 kuliko wasiokula. Lakini hao walikuwa hawajaugua bado, na anayekula wolnati mara nyingi anajitunza na kwa mengine pia. Majaribio ya kuwapa watu wolnati na kupima sukari ya damu, mengi hayakuona ikishuka kwa kiasi cha maana.

Majani ndo yenye jugloni na vingine vikali. Iran wameyajaribu kwa wagonjwa, yakiwa kwenye kapsuli zenye kipimo maalum, jaribio moja sukari ilishuka, jingine haikushuka. Huo unga wa sokoni hamna anayejua una nini wala kiasi gani.

Na la figo, mwambie mama sukari isiyodhibitiwa ndo inayoharibu figo. Metfomini daktari huipunguza figo zikishachoka, sio kwamba yenyewe inaziua. Tena asili yake ni mmea, kuna ua la Ulaya ndo lilianzisha safari ya hiyo dawa, kwa hiyo sisi hatupingi miti shamba, tunachotaka ni kipimo kinachojulikana.

Mnyalu_Kalenga:
Kamwene dada. Naongezea tu kwenye hiyo glibenklamidi maana ndo ilitutoa machozi nyumbani kwetu. Mzee wangu alikuwa anaimeza huku anakunywa majani fulani ya kienyeji (sio wolnati) bila kutuambia, siku moja asubuhi kabla hajala akaanza kutoka jasho jingi anatetemeka anaongea vitu havieleweki, sisi tukadhani malaria imepanda kichwani, kumbe sukari imeshuka, tulipompima ilikuwa 2.4. Tukamnywesha maji ya sukari akarudi taratibu. Hadi leo nikikumbuka mwili unasisimka. Kama mama keshaanza kuunywa huo unga mtu alale naye karibu na sukari iwe mkononi.

Mama_Viazi_Makambako:
Hizo wolnati zinatoka nje ndo maana bei imechangamka, usijibane mdogo wangu. Mimi nina sukari pia, kliniki waliniambia karanga za kuchoma zisizo na chumvi kiganja kimoja zinatosha, na makadamia zinapandwa hukuhuku kwetu. Ila iwe BADALA ya maandazi ya saa nne, sio juu yake, maana kiganja cha wolnati kina nguvu kama kalori 185 na mtu akila bakuli zima ananenepa. Mimi kilichonisaidia kweli ni kupunguza ndizi na wali wa usiku, na kutembea hadi shamba.

Binti_Tukuyu:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na mama jioni hii, kumbe alishakunywa huo unga siku 2 😢 ameuweka pembeni, mdogo wangu analala naye leo. Wolnati nimemwambia aendelee kula kiganja asubuhi. Famasi, tarehe zake za kliniki ni Alhamisi, aende na pakti ya unga wamwone daktari au inatosha kumweleza kwa mdomo?

Famasi_Uyole:
Aende nayo, na vidonge vyote anavyomeza pia. Aombe na kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi 3.