Naomba ushauri: timu yetu ya raga inakua haraka, je, twende kwenye wachezaji 15 au tubaki na 7?

Mwalimu_Uyole

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mbeya. Tulianzisha raga kwa ajili ya wanafunzi ambao hawapati namba kwenye soka, tukicheza ile ya kugusana tu, na wengi wetu hapa shuleni tulidhani ingeisha ndani ya muhula mmoja. Badala yake, wanaojitokeza jioni ni wengi kuliko mipira tuliyonayo, wasichana wameomba kikosi chao, na vijana wa kidato cha tatu wanadai kugusana ni mchezo wa watoto, wanataka kukabana na kuangushana kama wanavyoona kwenye televisheni.

Mkuu wa shule ananiunga mkono, ila anataka tuunde kikosi kamili cha wachezaji 15 ili shule ijulikane. Kinachonitatiza ni kwamba sijapata shule jirani yenye timu, hivyo tunacheza wenyewe kwa wenyewe, na raga haimo katika michezo tuliyoizoea kwenye UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, jambo linalofanya iwe vigumu kuiombea fedha halmashauri. Tena mzazi mmoja amekwisha kuniuliza nani atajibu mwanawe akivunjika shingo. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Mkongwe_wa_Mafinga

Pole na hongera, Mwalimu. Niliucheza mchezo huu nilipokuwa Arusha, na ushauri wangu ni kwamba mkuu wako azuiwe kwa upole. Timu ya 15 inahitaji angalau vijana 22 walio tayari kwa wakati mmoja, na kati yao wale watatu wa mbele kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira, lazima wafundishwe na mtu anayejua anachofanya, kwa sababu skramu ikiporomoka uzito wote unaangukia shingo zao. Ndiyo maana hata sheria za vijana chini ya miaka 19 haziruhusu timu kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5. Huyo mzazi aliuliza swali la maana sana.

Raga ya wachezaji 7 inachezwa vipindi viwili vya dakika 7, kikosi kizima ni watu 12, na shule nne zinaweza kumaliza bonanza lote Jumamosi moja na wanafunzi wakawahi chakula cha jioni. Wala si mchezo wa daraja la pili, kwani umekuwamo kwenye Olimpiki tangu Rio mwaka 2016. Mwaka huohuo majirani zetu wa Kenya waliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya raga ya wachezaji 7 ya Singapore, na Fiji hiyohiyo ndiyo iliyokwenda kuchukua dhahabu Rio miezi michache baadaye. Lakini tusisahau kwamba Kenya wana shule nyingi zinazokutana uwanjani kila mwaka. Ninyi mna timu moja, na timu moja hata ikiwa na wachezaji 60 haijawa na mchezo bado.

Tabibu_Iringa

Naongezea upande wa afya. Msianze kukabana mpaka kila mchezaji awe amefundishwa akiwa amepiga magoti, kisha akichuchumaa, kisha akitembea, na ndipo akimbie. Kichwa cha mkabaji kikae upande, kamwe kisiwe mbele ya mwili wa anayekabwa, na mikono ishike chini ya mabega. Msiwapange kwa kidato, wapangeni kwa uzito na umbile, maana kidato cha pili kimoja kinaweza kuwa na mtoto wa kilo 38 na kijana wa kilo 70.

Aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa, kuyumba au kusahau matokeo, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akilia. Mechi asicheze kabla ya wiki tatu kupita, na kabla ya hapo aonwe na daktari. World Rugby, wasimamizi wa raga duniani, wana mafunzo ya bure mtandaoni kwa makocha, likiwamo somo la mtikisiko wa ubongo. Yasome wewe na matroni, kisha mwonyeshe yule mzazi cheti.

Jambo jingine ambalo watu wa kwetu hulipuuza ni ardhi. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza Novemba, viwanja vya nyanda hizi hukauka vikawa vigumu kama sakafu. Mafunzo ya kuangushana yawekeni Januari hadi Aprili udongo ukiwa laini, na kiangazi mrudi kwenye kugusana, kasi na pasi.

Mlipakodi_Soweto

Samahani, lakini shule nyingi hazina maabara, sisi tunajadili raga?

Mwalimu_Uyole

Hoja yako naiheshimu, ndugu, ila hakuna fedha ya maabara iliyoguswa, na wale vijana saa kumi jioni wasingekuwa maabara.

Mwl_Tukuyu

Dada Mwalimu, nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili, leo nimelazimika kuandika. Mimi nafundisha Rungwe na ninao wanafunzi wenye miguu myepesi wasio na mpira hata mmoja wa yai. Kama mkuu wako ana fedha ya jezi 15, mwombe anunue mipira, na miwili mtuazime sisi. Kwenda Dar es Salaam kutafuta mpinzani ni zaidi ya kilomita 800, wakati kutoka kwenu hadi kwetu ni safari ya asubuhi. Mkija mara moja mkawafundisha wangu, muhula unaofuata mtakuwa na wa kucheza naye. Na tafadhali manahodha wachagueni kidato cha kwanza na cha pili, kwa sababu wa cha nne wakimaliza mtihani Novemba wanaondoka na ujuzi wote.

Mwalimu_Uyole

Hapo umenifungua macho, mwalimu mwenzangu. Nitamweleza mkuu kwamba shule ijulikane kwa kuwa mwenyeji wa bonanza la wachezaji 7, wavulana na wasichana, la kugusana kwanza. Mipira miwili nitakuletea mwenyewe, barua ya ruhusa ikishapita kwa wakuu wetu wawili. Limebaki suala la magoli, kwani tunatumia uwanja wa soka.

Mkongwe_wa_Mafinga

Magoli ya soka hayafai, nguzo zake zina mita 7.32 kati yake na za raga ni 5.6. Miti ya milingoti (mikaratusi) imejaa huku kwetu. Chukueni nguzo mbili, mtambaapanya uwe mita 3 kutoka ardhini, nguzo zenyewe zipite hapo kwenda juu, na chini mzungushie godoro kuukuu lililoshonewa kiroba. Gunia la kufanyia mazoezi ya kukaba lijazwe maranda ya mbao, litunzwe ndani, likilowa halibebeki. Kwa bonanza la kwanza acheni kabisa mateke ya nyongeza, yale ya kupiga mpira golini baada ya kufunga. Kila mpira unaogusishwa chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani uhesabiwe pointi 5, na mstari wenyewe mnaweza kuuchora kwa majivu ya jikoni.