Boti za kutembeza watu: idadi ya abiria iandikwe ubavuni kwa lazima, au tutaua riziki za manahodha?

Mleta mada (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja hii tuijadili kwa utulivu, maana inagusa roho za watu na inagusa mkate wa watu.

Sikukuu ya Idd iliyopita tulitoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, familia mbili na watoto watano. Boti ya faiba, rangi mpya inang'aa. Nikamuuliza nahodha, "Hii inabeba wangapi?" Akanijibu, "Ingieni tu bosi, nafasi ipo." Namba haikuandikwa popote. Majaketi okozi yalikuwa yamesukumwa chini ya benchi la omo (mbele ya boti), yamefungwa fundo moja kwa kamba ya nailoni. Nikavuta moja, mkanda wa kifuani ukabaki mkononi mwangu. La mtoto halikuwepo hata moja. Tulirudi salama, lakini sijajisamehe kwa kuwapandisha watoto.

Mtungi wa gesi umeandikwa uzito wake ubavuni. Daladala imeandikwa idadi ya abiria. Boti je?

Umoja wa Ulaya una sheria namba 2013/53, inayotumika tangu Januari 2016. Boti ya starehe ya mita 2.5 hadi 24 haiuzwi bila kibati kinachotaja mtengenezaji, mzigo wa juu kabisa na idadi ya watu. Ina pia herufi ya daraja, A hadi D. D ni ya maji yaliyotulia, mawimbi ya sentimita 30 hivi. C ni ya upepo usiozidi nguvu 6 (kwa kipimo cha mabaharia cha 0 hadi 12) na mawimbi ya mita 2. Mnunuzi si lazima awe baharia, anasoma tu.

Pendekezo langu: kila boti inayotoza pesa kutembeza watu, na kila jeti ski (pikipiki ya majini) ya kukodisha, ipigwe kibati hicho kwa Kiswahili. Ikiwa hakipo, mteja arudishiwe pesa yake pale pale ufukweni.

Nahodha (Tanga)
Pole kwa yaliyokukuta, mleta mada. Nina miaka 22 majini na sitetei mwenzangu aliyekupakia hivyo. Lakini hicho kibati nakipinga.

Kwanza, vyombo vyetu vingi vimeundwa na mafundi, si viwanda. Fundi wangu alipima mbao kwa jicho na kwa mkono, na mashua yake imepigwa kalafati (kuzibwa nyufa za mbao) mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nani atakaa apige hesabu ya mzigo wake, na kwa gharama ya nani?

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, namba moja inadanganya. Wakati wa maleleji, upepo ukitulia, napakia watu 12 na bahari kama kioo. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, ikishika sipakii zaidi ya saba. Ukiniandikia 12 ubavuni, siku ya kusi wateja watanionyesha kidole: "Mbona imeandikwa 12? Pakia!" Leo nina uwezo wa kukataa. Kesho kibati kitakuwa kimenivua uwezo huo.

Na ukaguzi tunalipia. Cheti changu kipo nyumbani ndani ya bahasha, kina idadi ya abiria.

Fundi wa mashine (Mombasa)
Kwa upande wa jeti ski naomba niongeze, maana hapo namba ya watu si tatizo kubwa. Jeti ski haina usukani wa nyuma kama mashua, inapinda kwa nguvu ya maji inayoyatupa. Mgeni akimwona muogeleaji mbele anaachia mafuta, kama angefanya kwenye pikipiki. Akishaachia, hata akigeuza mishikio, chombo kinaenda moja kwa moja. Haya mwenye kukodisha hamwambii.

Kisha kuna ile kamba ya mkononi, inayomuunganisha dereva na swichi ya injini. Sheria hiyo hiyo ya Ulaya inataka dereva akianguka injini ijizime, au chombo kipunguze mwendo na kuzunguka. Niliwahi kuletewa jeti ski kuukuu tatu za mtu mmoja. Mbili hazikuwa na kamba. Pale pa kuchomeka kishikizo palikuwa pamepachikwa kipande cha ndara, kimekazwa kwa waya ili injini isizime kamwe. Kibati kisingesaidia hapo. Mkodishaji wa namna hiyo anyang'anywe leseni.

Mchangiaji (Kampala)
Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ilipakia kupita kiasi, na serikali ilisema haikuwa na leseni. Walikuwa wamekwenda kufurahi wikendi. Ndugu yangu nahodha, abiria wale wangejuaje?

Mleta mada
Nahodha, nimekusoma mara mbili. Kuhusu kusi una haki, na Ulaya kwenyewe kibati kimoja kinaweza kuwa na idadi mbili, moja kwa kila daraja la bahari. Lakini umesema jambo ambalo sikulijua: idadi tayari ipo kwenye cheti, imelipiwa, na iko nyumbani ndani ya bahasha! Basi naondoa kibati. Naomba idadi iliyo kwenye cheti ipakwe rangi ubavuni, upande anaopandia abiria, namba mbili: ya maleleji na ya kusi. Na mteja awe na haki ya kukataa na kurudishiwa pesa. Kwa jeti ski nakubaliana na fundi, kamba ikikosekana isikodishwe.

Nahodha (Tanga)
Hapo tunaelewana. Rangi ninayo, hata kesho nitapaka. Ila cheti kina namba moja tu. Hiyo ya kusi aipange nani, mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka, au mimi ninayeiona bahari kila alfajiri?