Fimbo za "kazi zote" ni wizi mtupu, chambo hai hazifai na kuburuta hazifai

Wakuu salama? Mimi nina hasira na sitazificha.

Hivi nani aliwadanganya wauzaji kwamba fimbo ya kuvulia ni fimbo tu? Unamwambia mtu kabisa, nataka rodi ya chambo hai, na siku mojamoja niitumie kuburuta chambo nyuma ya boti, anakujibu "chukua hii mkuu inapiga kazi zote". Kazi zote za wapi? Hii niliyouziwa ni ngumu kama mtaimbo, samaki akigusa kibua wa chambo tu anashtukia kuna kitu kinamvuta, anatema anasepa.

Chambo hai kinataka ncha laini jamani. Kibua aogelee mwenyewe, asirushwerushwe kila boti ikipanda wimbi, na jodari akishameza fimbo ipinde taratibu imfuate. Tena siku hizi wengi tunatumia ndoana za duara, ile hupigi mvuto wa ghafla, unaacha mshipi ukaze pole pole mpaka ndoana ijishike yenyewe kwenye kona ya mdomo, sasa fimbo isiyopinda itakaza pole pole vipi? Inamnyang'anya samaki chambo basi.

Haya, mtu atasema ugumu huo ni wa trolingi, yaani huko kuburuta. Wapi! Ukiburuta chambo bandia boti iko mwendo wa noti 6 hadi 8 (maili za baharini kwa saa), nguru anapiga fimbo ikiwa bado kwenye tundu lake, hakuna mkono wa kupunguza mshtuko, wote unaishia kwenye fimbo na breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hapo unataka mgongo imara lakini unaopinda, fiberglasi au mchanganyiko wa fiberglasi na kaboni. Yangu ni kaboni tupu. Nyepesi, raha mkononi, ila ikigongwa kidogo kwenye ukingo wa boti inaweza kupata ufa usiouona, halafu siku ya samaki wa maana inakatika paa! na muuzaji atakwambia uliinua vibaya.

Na kitako je? Fimbo ya kuburuta chini ina mkato wa msalaba unaokaa kwenye pini ya tundu isizunguke. Hii imewekewa sponji laini, ikipata mzigo inajigeuza rili inaangalia pembeni. Nikauliza, eti "utaizoea".

Lebo ndo uchafu zaidi. Imeandikwa "nzito". Nzito ya nani? "Ya kati" ya kampuni moja ni "nzito" ya nyingine, hakuna kipimo kimoja. Angalieni pauni za mshipi (nguvu ya mshipi unaoifaa) zilizoandikwa juu ya fimbo, na hata hizo msiziamini mpaka mmeipindisha: pitisha mshipi kwenye pete zote, funga mzigo, vuta uone inapindia wapi. Kwa anayevua chambo hai zaidi na kuburuta mara chache mimi nasema futi 6 na nusu hadi 7, mshipi wa pauni 20 hadi 40, ncha laini na nusu ya chini yenye nguvu. Mshipi wa pauni 30 breki unaiweka kama pauni 8 hadi 10, sio zaidi ya theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo hata huhitaji dude la kuvutia meli. Zile fimbo zenye roda (kijigurudumu cha kupitishia mshipi) kwenye kila pete waachieni wanaofukuza nduaro wakubwa, na ukitumia mshipi wa kusuka unaweza kubanwa pembeni mwa roda, pete nzuri za kauri zinatosha.

Najua watakuja wale wa "wazee walivua kwa mshipi wa mkono". Sawa, na viganja vyao mliviona?

Nimeirudisha, wamekataa kuipokea, eti imeshalowa maji ya chumvi. Fimbo ya baharini. Imelowa maji ya chumvi.

Mwenye fimbo inayofanya kazi zote mbili kweli atupie picha ikiwa imepinda na samaki, sio imeegemezwa ukutani.