Mrejesho: mgeni wa miaka 41 kuishi Dodoma muda mrefu

Wakuu, niliuliza hapa kama shemeji yangu Mjerumani, ambaye kustaafu bado, anaweza kuishi Dodoma zaidi ya siku 90 za viza ya kawaida. Inawezekana. Kinachoamua ni shughuli atakayofanya, si umri tu.

Mwekezaji au aliyejiajiri anaomba kibali cha ukaazi daraja A, mwajiriwa daraja B. Daraja C ni la wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea na wamisionari; wastaafu nao wamo humo.

Kwa daraja B, mwajiri ndiye anayeanza, tena kwa kuomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi. Hapo ndipo mengi hukwama. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba lazima kishabihiane na vyeti vya shule: ukiandika "meneja" na vyeti vyote ni vya ufundi umeme, utaulizwa. Pia uwepo mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi, wenye jina la mrithi na ratiba ya mafunzo, siyo aya moja ya kujaza karatasi. Vyeti vya Kijerumani vitafsiriwe rasmi kwanza.

Kibali cha kazi hutolewa kwa miaka miwili na kinamfunga kwa mwajiri yuleyule. Akihama kazi, anaomba upya.

Mliopendekeza hati ya mfuasi (ya kuishi kama mtegemezi wa familia) kupitia kwa dada, sawa, ukaazi anapata. Ila haimruhusu kufanya kazi; kibali cha kazi kinabaki palepale. Viza ya utalii ndiyo kabisa, asiguse kazi nayo.

Tumechagua daraja B. Mwajiri anaandaa mpango wa urithishaji.