Chambo cha manyoya chenye risasi: risasi inateleza, kichwa kinajaa

MshipiTukuyu: Wakuu, nafunga chambo cha trauti (samaki wa maji baridi) kwa ajili ya mto Kiwira. Ndoana namba 8 ya mti (sehemu iliyonyooka) mrefu, mkia wa manyoya laini, mwili wa uzi wa sufu, juu unyoya wa jogoo. Ili kizame, nimezungusha kwenye mti risasi ya mafundi redio, ule waya laini wa kulehemu wa milimita 0.8, mara 20. Inateleza, na nikifika mbele sina pa kumalizia uzi.

Jiliwa: Mkuu, 20 mara 0.8 ni milimita 16, karibu mti mzima! Zungusha mara 10 tu. Tandika uzi kwanza, maana risasi kwenye chuma kitupu lazima iteleze. Nyuma ya jicho la ndoana (tundu la kufungia mshipi) acha nafasi ya urefu wa macho mawili kama hilo. Kila ncha ya risasi jenga kilima cha uzi, kisha tone la supaglu. Usiikate kwa meno.

Mkia uwe sawa na urefu wa mti. Ukizidi, samaki anang'ata manyoya bila kugusa ndoana, au mkia unajisokota kwenye kipindo cha ndoana. Kupunguza, nyofoa kwa kucha. Mkasi unaacha ncha butu isiyocheza majini. Mashina ya mkia yafike hadi kwenye risasi, la sivyo mwili utakuwa na nundu.

Hapo nyuma funga pia waya mwembamba wa shaba (wa mota mbovu unafaa). Leta sufu mbele, funga unyoya mbele, uzungushe kurudi nyuma mara 5 au 6, halafu waya uje mbele ukizunguka upande uleule uliozungushia unyoya, ili ukatize shina la unyoya. Ukiuzungusha kinyume waya unajificha pembeni ya shina, na meno ya trauti yanakata unyoya siku hiyohiyo. Fundo la mizunguko 5, rangi ya kucha, basi.

Sao_Hill: Naongeza: chagua unyoya ambao nyuzi zake ni mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana (nafasi kati ya ncha na mti). Mkia si lazima ununue. Hata yale ya dukani yanayoitwa ya korongo siku hizi ni ya bata mzinga. Manyoya mepesi ya chini ya shina la unyoya wa kuku yanafaa, ila ni mafupi, unganisha mawili.

MshipiTukuyu: Na vijito vya Mufindi, risasi ileile?

Jiliwa: Hapana, mara 5 au 6, zote theluthi ya mbele. Ukilegeza mshipi kinainamisha kichwa, ukivuta kinapanda. Mara 10 pale utavua mawe.