Naomba ushauri: nianzie wapi kuwaeleza wageni kuhusu Kigoma?

Habarini za jioni, wakubwa kwa wadogo. Niko Ujiji, kwenye kikundi cha kukamua mawese. Wiki ijayo tunapokea wageni wanne kutoka Oman wanaotafuta pa kuweka mtaji, na mimi ndiye nimesukumiwa kuutambulisha mkoa kwa dakika kumi.

Nimeshaandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa jiografia tupu: Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani, tunalogawana na Kongo, Burundi na Zambia, reli iliyofika hapa mwaka 1914. Nikamsomea shemeji, akaanza kuchezea simu. Ya pili nikajaza mali: dagaa wa kuanikwa kwenye chanja, migebuka, mawese, kahawa, sokwe wa Gombe na Mahale. Akasema, "Hiyo si orodha ya sokoni?" Iliniuma, ila kweli.

Mimi naona turufu yetu ni bandari: mzigo unashuka kwenye behewa, unapanda meli, unakwenda Bujumbura au Kalemie. Mwenzangu anang'ang'ania mawese, maana nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Sawa, lakini michikichi yetu mingi ni ya kizamani, ngazi zake, yaani matunda, zina mafuta kidogo.

Kwa hiyo: nianze na bandari au mawese? Na je, niwaambie kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, samaki wazaliane? Nikificha watajua tu. Nikisema, nahofia habari ya dagaa itaishia hapo. Waliowahi kusimama mbele ya wenye mtaji, mlilisemaje jambo kama hili?