Tupeane uzoefu: istilahi za fizikia na kemia mnazitofautishaje?

Assalaam aleikum wadau. Nafundisha tuisheni hapa Majengo, na kila muhula vijana huchanganya joto na halijoto, uzito na tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu). Mimi huwauliza: unapima kwa kipimo gani? Halijoto ni digrii za kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayotoka kwenye kitu cha moto kwenda cha baridi, nayo huhesabiwa kwa joule. Nyinyi je, kazini na majumbani mwenu?

Fundi wa friji, Changamwe:
Maalim, wapeleke kwa wavuvi. Kipimajoto ukikitia kwenye sanduku la barafu iliyoanza kutoa maji, kitakaa karibu na sifuri asubuhi hadi adhuhuri, na jua hili letu linawaka nje. Joto linaingia, barafu inapungua, halijoto haipandi. Kilo moja ya barafu hula kilojoule 334 hivi ili iwe maji tu, tena ya digrii sifuri ile ile. Nishati hiyo ingeyapasha maji hayo hayo kutoka 0 hadi karibu 80! Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake, hachanganyi tena.

Karani, Kilindini:
Tangu Julai 2016 kontena lenye shehena halipakiwi melini kabla tungamo lake kuthibitishwa. Tuseme ni kilo 20,000: hizo ni tungamo. Uzito ni nguvu ya dunia kulivuta, newton (kipimo cha nguvu) 196,000 hivi, na nguvu hiyo ndiyo inayobebwa na nyaya za kreni. Mwezini kilo hazibadiliki, uzito unashuka hadi kama sehemu moja ya sita.

Mama Kashata, Mji wa Kale:
Mie naona kuyeyuka ni kwa namna mbili. Sukari ya chai inasambaa majini na bado ni sukari, kama chumvi inayobaki mwilini ukitoka kuogelea. Sukari ya kashata naitia kwenye sufuria kavu, bila tone la maji. Moto tu ndio unaoilainisha. Ikishageuka kahawia na kunukia, hiyo si sukari tena. Hata uifanyeje, hairudi.

Maalim:
Shukran sana mama, hiyo naipeleka darasani. Na kuchemka na kuvukizwa?

Fundi wa friji:
Kanzu kwenye kamba inakauka kwa digrii 30. Maji yanavukizwa juu juu tu. Kuchemka hapa pwani kunataka 100, na viputo vinatokea hadi chini ya sufuria.